Picha za Zamani, Futa Zote

Hii nitaisimulia mara moja tu, tena kwa sababu shemeji yangu Adelina ameshaisimulia Sumbawanga nzima kwa namna yake, na katika simulizi yake mimi naonekana mjinga kuliko nilivyokuwa, ingawa nakiri si kwa mbali sana.

Nina chumba cha kuhariri video hapa mjini, harusi, kipaimara, misiba ya wenye uwezo, na mwaka huu nilijinunulia sanduku la kuhifadhia kazi (diski nne ndani, taa za buluu, kelele kama mashine ya kusaga ulezi) ambalo fahari yake ni kwamba kila saa linajipiga picha, yaani linakumbuka kila faili lilivyokuwa saa ile, ili ukiharibu kitu urudi nyuma ukichukue. Nakala hizo za kila saa nikawa naziita picha mbele ya watu wote, kwa madaha, bila kufikiri kwamba nchi hii ina watu wanaolijua neno hilo kwa maana yake ya kawaida.

Ikawadia misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa baba mkwe, kule Kasense, nami nikajitolea (hakuna aliyeniomba, naomba ieleweke) kutengeneza filamu ya maisha yake. Mama mkwe akanipa albamu yake, picha zilizotafunwa na panya pembeni, baba na baiskeli, baba shambani, siku ya ndoa yao. Nikaziskani zote zikaingia kwenye sanduku, na nilipomrudishia nikamwambia, "Mama, hizi sasa unaweza hata kuzichoma, zimeshaingia kwenye mashine." Akaipokea, akasema asante, mkwe wangu.

Filamu ile niliisonga kama ugali, kutwa kucha: leo wimbo ubadilike, kesho rangi zing'ae, keshokutwa baba mdogo Krisanti, mdogo wake marehemu, anataka aonekane zaidi, na kila nilipobadilisha kitu sanduku likashikilia toleo la jana, na la juzi, na la saa nne, na la saa tano. Asubuhi ya siku ya misa nikaiacha kompyuta itoe filamu iliyokamilika, Adelina akiiangalia (ni mdogo wa mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu makini), mimi nikashika njia ya Matai kufuata projekta ya kuazima. Nikiwa njiani akanipigia: mashine inasema imejaa.

"Futa picha zote za zamani, shemeji."

"Zote?"

"Zote. Zinajaza nafasi bure."

"Hata zile za zamani kabisa?"

"Hizo ndizo za kuanza nazo."

Akasema haya, wewe ndiye msomi.

Niliporudi nafasi haikuwa imerudi hata chembe. Mtu asiye msomi angeuliza kilichofutwa ni kipi. Mimi nikampa mhadhara: kwamba ukifuta faili lenyewe nafasi hairudi, kwa sababu zile picha za kila saa bado zimelishikilia. Na wakati nahubiri hivyo nilikuwa nimekalia wokovu wangu, maana sura zote za baba alizokuwa amezifuta zilikuwa bado humo ndani, salama, zikisubiri nizirudishe. Adelina akafungua mdomo aseme kitu, nikamwambia asijali, amejitahidi. Kisha kwa mkono wangu mwenyewe nikafuta picha zote za sanduku, hadi ile ya asubuhi hiyo. Nafasi ikarudi. Filamu ilipoanza kutoka, programu ikaniuliza swali refu, nikabonyeza Sawa bila kulisoma, kama tufanyavyo sisi wasomi.

Baada ya misa ukumbi wa kigango ulijaa. Mama mkwe akaketi mbele kabisa, mikono mapajani, akimsubiri mumewe. Sauti yangu nzito niliyoirekodi ikasikika: "Huyu hapa ndiye baba yetu, akiwa kijana." Ukutani pakatokea wekundu mtupu, na maandishi meupe yanayosema faili halipo. "Tazameni tabasamu lake," sauti yangu ikaendelea, haina aibu. Wekundu. "Hapa yuko na mama, siku ya ndoa." Wekundu uleule.

"Kumbe kaka alikuwa mwekundu hivi," akasema baba mdogo Krisanti kutoka nyuma, "na mimi nimekua naye nisijue."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka. Aliendelea kuutazama ukuta.

"Si ulisema nifute picha za zamani?" Adelina akaniambia, wala hakunong'ona.

Ndipo nikaelewa. Nikaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwambia sura za baba zimepotea zote. Akauliza nani kazifuta. Nikasema ni mimi (jambo pekee la kiungwana nililofanya siku ile).

Akainama, akavuta kikapu chake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Ilikuwa albamu.

"Uliniambia nichome," akasema. "Nikaona ningoje kwanza, niione hiyo mashine yako."

Albamu ikapita mkono kwa mkono, naye akaisimulia kila picha kwa Kifipa, watu wakalia na kucheka kuliko filamu yangu ilivyowahi kuota.

Tangu siku hiyo sanduku langu halipigi tena picha, linaweka kumbukumbu, na kumbukumbu hizo hazifutwi kwa agizo la simu. Nimeshamwomba mama mara tatu anipe albamu niiskani upya. Kila mara hunikaribisha vizuri, hunipa chakula, kisha huileta niitazame palepale, yeye akiwa ameishikilia upande mmoja.