Hesabu Yangu ya Maji

Kosa lenyewe lilikuwa la hesabu, somo nililojisifia tangu sekondari. Binti yangu, miaka minne, alikuwa akilowa mkojo mchana kutwa. Kufua kulitaka maji, na maji, kwetu Newala siku zile bendera ya Mwingereza ikiwa bado bomani, wanawake waliyafuata bondeni wakapanda nayo kichwani. Basi nikapiga hesabu kitini, mahali nilipopapenda kuliko pote duniani: asipokunywa, hatakojoa, asipokojoa, hatutafua. Nikaamuru kikombe kimoja asubuhi, kingine jioni.

"Mtoto anaomba maji," mke wangu alisema.

"Mwache azoee."

"Azoee nini, kiu?"

Nilimhurumia kwa kukosa elimu.

Mtoto huyu alizaliwa na uvimbe mgongoni, karibu na kiuno, ukashonwa hospitali ya misheni. Aliburuta mguu kidogo. Mdomo haukuburuta kitu. Hesabu yangu ikaanza kujibu. Mkojo ulikolea kama chai iliyosahaulika jikoni, ukanuka, kisha homa ikampanda, akaacha kunitania. Hapo nikaogopa. Nilipanda lori la kwenda Masasi nimempakata, tukafika tumelowa wote wawili.

Daktari wa misheni, mama wa Kizungu mwenye Kiswahili cha polepole, alimbonyeza chini ya kitovu. Ukatoka mkojo bakuli zima. Nikasema haiwezekani, njia nzima amejikojolea.

"Huo ulikuwa unafurika tu," alisema. "Mishipa ya mgongoni haikipelekei kibofu habari. Kinajaa, kinamwagika, na wa chini unabaki kuoza, kama shimo lenu la maji ya mvua lisilochotwa mpaka chini. Uchafu huo ukipanda kwenye figo, utamzika huyu. Anakunywa kiasi gani?"

Nikamwambia. Alinitazama mpaka nikaanza kuchunguza viatu vyangu.

"Anywe maji mengi," alisema. "Na kila baada ya saa chache umkamue hivi, mpaka kibofu kiwe kitupu."

Maji mengi, Newala! Nilipomweleza mke wangu, aliyasogeza madebe mawili mpaka miguuni pangu. "Mwenye hesabu ni wewe."

Nikashuka bondeni na mzega begani, debe kila upande. Nilipopanda, nusu ya maji nilikuwa nimeinywesha njia. Wanawake walinipisha, mmoja akaniuliza kwa upole kama nimefiwa na mke.

Kukamua nako kulikuwa na msimamizi wake, amelala chali mkekani.

"Baba, umenawa?"

"Nimenawa."

"Kucha umekata? Haya, bonyeza. Si hapo, hapo pana ugali."

Korosho zilipoanza kuanguka, homa ilikuwa haijarudi, na mkojo wake ulitoka mweupe kama maji ya mvua. Furaha ilinizidi akili. Niliumimina katika kikombe cheupe cha bati, nikaupeleka kwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa akianika makopa ya muhogo uani kwake.

"Shikamoo, mama. Hebu tazama ulivyotakata."

Alichungulia ndani ya kikombe, akanichungulia na mimi.

"Marahaba. Umetakata. Sasa kaumwage, na kikombe hicho usije ukaninyweshea chai. Kesho ukishuka bondeni nichotee na mimi debe moja, maana kumbe miguu ulikuwa nayo siku zote."