Posa ya Jenifa Kwenye Kalenda ya Ofisi

Hebu mwone Zipora akifika kazini Makole asubuhi, kitenge begani, mkononi kopo la karanga za kuwaonjesha wenzake, na uso wa mtu aliyelala vizuri. Yeye ndiye mpangaji wa vikao vya shirika lao dogo la maji vijijini. Juzi tu aliunganisha kalenda ya barua pepe yake na ukurasa wa pamoja wa vikao, ule unaoonwa na ofisi nzima, ili asiandike tarehe moja mara mbili. Kazi ikapungua kweli, tusimnyime haki yake.

Hajakaa, Thobias wa uhasibu akamdaka mlangoni.

"Mama Jenifa, hongera! Suti nianze kuipiga pasi?"

"Suti ya nini?"

"Ah, usinifiche na mimi. Ofisi nzima tumeona. Jumamosi, mshenga wa Jenifa, Kongwa, kwa mjomba."

Kopo likawekwa mezani polepole. Hilo Zipora aliliandika kwenye kalenda yake mwenyewe, kwa kujikumbusha. Hakujua kwamba kalenda ikishaunganishwa haichagui. Kikao cha bajeti na siri ya nyumbani vyote hupanda ukurasani.

Nawe ujue, kwenye ukoo wao neno la posa humfikia kwanza mjomba, tena kwa kinywa cha mshenga. Mama mtu hajui kitu, hata kama anajua kila kitu. Mjomba akilisikia kwa watu baki, au akilisikia kwa mama, ana haki ya kufunga mlango. Na kaka yake Zipora, mzee Yotham, alishawahi kuufunga kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Thobias, hujamwambia mtu?"

"Mimi? Nimempigia mzee Yotham tu asubuhi hii, kumpongeza. Si jirani yetu kule nyumbani?"

Zipora akakimbilia kompyuta, akaifuta ile tarehe, akashusha pumzi. Kumbe huko kufuta ndiko kulikotuma ujumbe kwa wote: shughuli ya Jumamosi Kongwa haipo tena. Na Thobias, mtu wa roho nzuri asiyeweza kukaa na habari, akatoka nje na simu yake kumpa mzee pole.

Haukupita muda, simu ya Zipora ikaita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Zipora, asubuhi nimepewa hongera, hata chai sijamaliza napewa pole. Za nini?"

"Kaka, ni kalenda. Niliiunganisha na..."

"Kalenda ndiyo iliyomzaa Jenifa?"

"Hapana, kaka."

"Basi isimsemee. Nijibu wewe. Jumamosi nichinje mbuzi, au niende zangu mnadani?"

Zipora akafumba macho. Akisema chinja, mama ndiye aliyeleta posa. Akinyamaza, mzee anakwenda mnadani, na mshenga anakuta mlango umefungwa. Thobias amesharudi, amesimama pembeni, anatafuna karanga taratibu kama mtu aliye msibani.

"Kaka," akasema mwishowe, "mnada si upo kila wiki?"

Upande wa pili kikaja kikohozi, ambacho huenda kilikuwa kicheko, na simu ikakatwa.

Haya, msomaji wangu. Ungekuwa wewe ndiye mzee Yotham, Jumamosi ungekaa nyumbani?