Nililala Chini ya Gari la Bosi

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga.

Wahenga hao hawakuwahi kuvuka tope la kijiji cha Mbingu mwezi wa nne. Huku kwetu mwenda pole hunasa, na akishanasa hutafuta wa kumlaumu.

Niliona kwa macho yangu. Gari jipya, viti bado vina nailoni, limekaa katikati ya tope kama kiboko aliyeshiba. Tairi za nyuma zinazunguka kama feni. Tairi za mbele zimetulia tuli, kama ziko msibani.

Na gari lenyewe ni foo-wili. Yaani linatembea kwa miguu yote minne.

Sasa miguu miwili ilikuwa wapi?

Kaa hapo nikwambie.

Mwaka ni tisini na nane, mvua ya Elinino. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, diploma ya kilimo na mdomo. Diploma nilipewa chuoni. Mdomo nilizaliwa nao pale Lumemo, kwa mama muuza samaki ambaye hakuwahi kupunjwa na mwanadamu.

Naitwa Eufrasia. Nilikuwa bibi shamba kwenye mradi mmoja wa mbegu za mpunga, Ifakara. Siutaji. Wenyewe wanajijua.

Mkuu wa mradi aliitwa bwana Kassian. Mtu wa tai kila siku, hata siku ambazo kuku wanahema kwa joto.

Dereva wetu alikuwa mzee Dionisi. Miaka ishirini na mbili kwenye usukani wa Land Rover moja kuukuu ya turubai. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

Wafadhili wakatoa hela ya gari jipya. Akaja muuzaji kutoka Dar, kijana mmoja mtanashati, Nassib. Akapanga karatasi zake za kung'aa mezani kama anayegawa karata.

"Tuna la kazi," akasema. "Turubai, sakafu ya chuma, unamwaga maji unafagia. Tuna la familia. Halafu tuna hili." Akaigonga ya tatu kwa kidole. "La wakubwa. Zulia, kiyoyozi, redio ya kaseti."

"Injini?" akauliza mzee Dionisi.

"Ileile."

"Propela? Difu?"

"Zilezile, mzee wangu. Tofauti ni nani anataka kuonekana ameketi ndani."

Mzee akacheka. "Basi tuchukue la kazi. Mpunga hauna haja na zulia."

Bwana Kassian hakucheka. "Sisi si wabeba mkaa, Dionisi. Mradi unapimwa kwa gari lake."

Umesikia? Mradi wa mpunga. Unapimwa kwa zulia.

Nami nisijifanye malaika. Nassib alitaka karatasi yake iwe kwa Kiswahili, akaambiwa mwenye maneno hapa ni Eufrasia. Nikamwandikia: "Mguu wako unapoishia, ndipo gari hili linapoanza."

Nikapewa kofia na kalamu. Karatasi ikabandikwa ukutani ofisini, nikawa naipita kila asubuhi najichekea. Nilijiona mwandishi.

Sikujua nimeandika nini.

Wakati tunalisubiri hilo gari, nikamfuata mzee Dionisi. "Baba, nifundishe tope."

Leseni nilikuwa nayo. Lakini leseni ya mjini na njia ya Namawala wakati wa masika ni vitu viwili. Na bibi shamba anayesubiri kupelekwa na dereva huwaona wakulima wake mara moja kwa mwezi, tena kwa haraka.

Nilidhani atanipa ufunguo. Akanipa mkeka.

"Tandika chini ya gari, ulale."

"Nilale?"

"Umwamkie. Utampandaje mtu mzima hujamwamkia?"

Nikalala chali, na gauni langu. Nikasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo."

"Hajakusikia."

"Shikamoo, Land Rover!"

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu kwa niaba yake. Akina mama waliokuwa wanatoka bombani wakaweka ndoo chini ili wacheke vizuri.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Kila asubuhi, miaka ishirini na mbili, kabla ya kuwasha gari, mkeka kwanza. Anakagua kila nati, kila tone la oili.

Akanionyesha mabomba mawili ya chuma. Moja linapeleka nguvu tairi za nyuma, jingine linapeleka tairi za mbele. Hizo ndizo propela.

"Hii ya mbele," akaigonga kwa spana, "ndiyo tofauti ya foo-wili na toroli. Isipokuwepo, ile gia ndogo ya pembeni utaivuta mpaka mkono ung'oke. Tairi za mbele hazisikii."

Siku ya nne ndipo nikapewa usukani.

Jamani, tope lina shule yake! Maji usiyoyajua unashuka kwanza, unayapima kwa miguu na fimbo. Foo-wili unaiweka kabla ya kuingia, siyo ukishazama. Gia unachagua ukiwa pakavu, ukishaingia hubadilishi. Vidole gumba unaviweka nje ya usukani, maana tairi likigonga kisiki usukani unajigeuza wenyewe na kuvunja dole.

"Na ukiingia usisite," mzee akasema. "Tope likiona umesita, linakuoa. Halina talaka."

Wiki ya kwanza niliolewa mara nne.

Wiki ya tatu nilifika Namawala peke yangu, bila kusukumwa. Mama Sada, mkulima wangu mmoja wa pale, akanipokea kwa vicheko: "Bibi shamba! Leo umekuja bila bwana harusi?"

Nilikuwa na tope hadi kwenye nyusi. Sijawahi kujisikia mzuri kama siku ile.

Gari jipya likafika mwezi wa pili. Jeupe, linang'aa, karatasi yangu imebandikwa kwenye kioo.

Amri ya kwanza ya bwana Kassian: dereva avue viatu kabla ya kupanda. Zulia.

Mzee wa miaka hamsini na tisa, anaendesha pekupeku kama mtoto aliyeingia sebuleni kwa watu.

Amri ya pili: marufuku mkeka. "Gari la wakubwa halichunguliwi nguo ya ndani," alisema, na vibaraka wake ofisini wakacheka.

Amri ya tatu: Ijumaa jioni ufunguo unaenda nyumbani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, mpaka Jumatatu.

Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na gari lake binafsi. Aina ileile, ila kuukuu, limekaa juu ya matofali tangu siku niliyoajiriwa. Kuku walikuwa wanatagia ndani.

Mwezi wa tatu likashuka kwenye matofali. Likaanza kubeba mpunga kutoka Mlimba, masika yote yale, wakati malori ya watu yamelala njiani. Tukasema Mungu amemkumbuka bosi. Lile jipya lilikuwa la mjini tu, topeni tulienda na Land Rover.

Haya. Mwezi wa nne akaja mgeni rasmi kutoka mkoani, mama Bibiana. Alitakiwa kukagua mashamba ya mbegu Mbingu. Tukapangwa wanne: mama, bosi, mimi wa kuandika, na mzee Dionisi kwenye usukani.

Mzee alikuja na mkeka wake kwapani.

"Bosi, njia ya leo ni mbaya. Naomba dakika mbili nimwangalie chini."

"Mgeni yuko ndani ya gari, wewe unataka kulala? Vua viatu, twende."

Mzee alinitazama. Akavua viatu.

Hilo ndilo kosa lake pekee nililowahi kuliona. Alimtii mtu.

Tulipofika pale njia inapozama, mzee alisimamisha gari pakavu. Akashuka pekupeku, akapima kwa fimbo, akarudi. Akaweka foo-wili. Akachagua gia. Akaingia bila kusita, vidole gumba nje, kama alivyonifundisha.

Tukafika katikati.

Gari likahema, likakaa.

"Ongeza moto!" bosi akafoka.

"Nikiongeza linachimba kaburi, bosi. Foo-wili nimeweka. Mbele hakuvuti."

"Mbele hakuvuti! Gari la miezi miwili?" Akamgeukia mgeni, sauti ikageuka asali. "Samahani sana, mama. Huyu mzee tumembeba kwa huruma tu. Sasa ameniharibia gari."

Kisha akanigeukia mimi.

"Eufrasia, andika. Leo, tarehe fulani, dereva Dionisi, kwa uzembe na dalili za ulevi, ameharibu mtambo wa foo-wili. Ninamfukuza kazi kuanzia sasa. Utasaini kama shahidi."

Ulevi! Mzee ambaye hata kwenye harusi hunywa togwa tu.

Miezi mitatu astaafu. Ukifukuzwa kwa uzembe, kiinua mgongo sahau, na jina lako sahau. Mzee alikaa kashika usukani, miguu mitupu juu ya zulia. Alikuwa anatazama mbele.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Unajua kalamu ipi? Ile niliyopewa na Nassib.

Nikaitupa topeni.

"Unafanya nini wewe?"

Niliuchukua mkeka wa mzee, nikafungua mlango, nikashuka. Tope likanifika magotini. Nikautandika ubavuni mwa gari na kulala juu yake. Ulizama nami, lakini uliniwezesha kupenyeza kichwa na mabega chini ya tumbo la gari.

"Shikamoo," nikasema.

Safari hii hakuna aliyeitikia.

Propela ya nyuma ipo. Nikafuata kwa mkono kwenda mbele, pale inapofungwa ile nyingine. Nikagusa matundu manne ya nati, yamepakwa grisi vizuri, safi kabisa.

Bomba halikuwepo.

Halikuvunjika. Halikudondoka. Lilifunguliwa kwa spana, na mtu aliyekuwa na muda wake, mwisho wa wiki.

Nilitoka pale nimekuwa sanamu ya udongo. Mama Bibiana alikuwa ameshusha kioo.

"Bosi," nikasema, "propela ya mbele iko wapi?"

"Ingia ndani ya gari."

"Nauliza iko wapi."

"Binti huyu amechanganyikiwa, mama. Mtoto wa kike atajua nini chini ya gari?"

"Anajua," mzee Dionisi akasema. Neno moja, bila kugeuka.

Ndipo tukasikia mngurumo.

Upande wa Mbingu likatokea gari kuukuu, magunia ya mpunga hadi juu ya paa, moshi mweusi. Likaingia kwenye tope lilelile, likaja likilima kwa miguu yote minne, likatupita ubavuni kama bata, likatoka pakavu na kusimama.

Akashuka Viktor, shemeji yake bwana Kassian. Kijana mchangamfu, hana baya na mtu.

"Shikamoo shemeji! Mmenasa na hilo la wakubwa?" Akacheka, akapiga boneti yake makofi. "Niwavute? Tangu uniwekee ile propela mpya, hili halizami popote!"

Bwana Kassian alifumba macho. Mama Bibiana akamtazama yeye, akalitazama gari la Viktor, akanitazama mimi na tope langu. Nikatembea hadi kwa Viktor, nikainama. Gari lote kutu. Katikati ya kutu, bomba moja jipya linang'aa.

Sikulikagua sana. Nikaanza kusema.

Nilisema yote. Kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka, mbele ya mgeni, mbele ya Viktor, mbele ya wakulima waliokuja na majembe kutusaidia. Nilimwita bwana Kassian mwizi. Nikasema mwizi wa mguu wa gari la wakulima ameamua kumkata mzee wa watu miguu yake pia. Nikasema zulia alilolilinda ni zulia la kufunikia.

Tulivutwa na Viktor, maskini, huku haelewi kwa nini shemeji yake hamjibu.

Mzee Dionisi hakufukuzwa. Alistaafu kwa tarehe yake, amevaa viatu. Mkeka wake aliniachia, na Land Rover akanikabidhi.

Ungesema mwisho mzuri, sivyo?

Bwana Kassian alihamishwa. Siyo kufungwa, kuhamishwa. Mradi mkubwa zaidi, nasikia una zulia mpaka kwenye ngazi.

Mimi nikaletewa barua. Imesainiwa na mama Bibiana mwenyewe. Inasema suala la kifaa "limeshughulikiwa", lakini mtumishi Eufrasia alimvunjia heshima mkuu wake mbele ya wananchi, hivyo aandike kuomba radhi ndani ya siku saba.

Nilimfuata ofisini kwake, Morogoro.

"Mama, nilisema uongo?"

"Hapana, mwanangu. Ila ungemwita pembeni."

Pembeni! Bosi alimfukuza mzee pembeni? Alimwita mlevi pembeni?

Nilirudi Ifakara, nikabandua karatasi yangu ukutani. Ile ya mguu unapoishia. Maneno yale ni yangu, nilimpambia muuzaji uongo wake, na hilo peke yake ndilo linaloniuma.

Nikupe la kuondoka nalo. Kitu cha umma ukiambiwa hakichunguliwi chini, tandika mkeka ulale. Wanaokukataza wanajua kilichotoka.

Siku saba zilipita. Nikaongezewa saba nyingine. Nikaambiwa mistari mitatu inatosha. Nikaambiwa hata mmoja.

Mzee Dionisi mwenyewe alikuja kunisihi, "Mwanangu, andika tu yaishe."

Nikampa mkono, nikamwamkia, nikamwambia hapana.

Siombi radhi. Sikuomba siku ile, siombi leo, na kwenye lile tope ningelala tena.