Nilisugua Ufa, Rafiki Yangu Akaitwa Kipofu

Leo ni Jumapili, mwezi wa Februari, na natimiza miaka thelathini na moja tangu niondoke Tanzania. Admin, nifichie jina. Nina miaka sabini na mbili, Mgogo wa Kibakwe, fundi mstaafu wa ndege za abiria.

Kazi yangu ilikuwa kukagua na kukarabati vyuma vinavyoshikilia injini kwenye bawa. Unasafisha chuma kwa dawa, unapaka rangi nyekundu, unasubiri ipenye, unafuta, unapuliza unga mweupe. Penye ufa, mstari mwekundu hujitokeza. Kisha mkaguzi wa pili huangalia na kutia sahihi. Wangu alikuwa Mrangi wa Kondoa, nimwite Salimu.

Siku hiyo masizi yaligoma kutoka. Nikachukua brashi ya mashine, ingawa tulikatazwa: chuma kikisuguliwa hulala juu ya ufa na kuuziba, rangi haiingii. Salimu akainama na tochi, akatazama muda mrefu.

"Mgogo, leo kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Umekifanyaje?"

"Dawa tu. Weka sahihi, Mrangi, chai inapoa."

Hakuona kitu kwa sababu hapakuwa na cha kuonekana. Ukaguzi uliofuata, wenzetu waliukuta ufa, mrefu kama kidole. Ndege haikuanguka, nashukuru. Lakini wakubwa walisema ufa ule ni wa zamani, mkaguzi hakutazama. Mimi nilionywa, Salimu alinyang'anywa leseni. Karakana nzima ikamcheka: "Apelekwe Buigiri akasome na vipofu!" Nilikuwepo, nikanyamaza. Mwaka uleule nikapata kazi huku.

Sasa Salimu yuko Miyuji, na macho yamemwisha kweli. Wiki iliyopita binti yake alinipigia. "Shikamoo baba mdogo. Baba ana swali." Akampa simu.

"Mgogo, niambie kabla sijafa. Ule mstari mwekundu ulikuwepo, nikaukosa?"

Nikasema, "Ulikuwepo, ndugu yangu. Ila ulikuwa mwembamba sana."

Akanishukuru.

Barua ya ukweli nimeiandika, iko mezani. Lakini atakayemsomea ni binti huyohuyo, aliyeacha shule baba yake alipokosa kazi. Niitume, au nimwache afe akiamini hakuwa fundi? Nishaurini, wanangu. Ila msiniambie niende Miyuji nikapige magoti. Nauli ninayo, na afya bado ninayo. Sitarudi.