Nilivyopima Lambo kwa Kiganja

Shule niliiacha darasa la tatu, na lambo langu la Kisiwani nimelichimba mwenyewe kwa jembe. Kwa hiyo kwenye maji sipendi kufundishwa. Maji yake yana chumvi. Ng'ombe wanayafurahia, vitunguu vinakufa. Miche yangu ya vitunguu ilitegemea mfereji wa mlimani, na mwaka huo mfereji ukakauka. Kitalu kizima kikaanza kulala.

Alfajiri moja ikanyesha, bila upepo. Mvua ya kwetu ina upendeleo: ililijaza lambo, kitalu ng'ambo ya barabara ikakiruka. Nikachota kwa kiganja, nikaonja. Matamu! Nikawasha pampu.

Mjukuu wangu, aliyekuja likizo, akatoka mbio. Kazi yake huko mjini ni kusoma chumvi ya bahari kwa setilaiti.

"Shikamoo Babu, zima!"

"Marahaba. Nizime kwa amri ya nani?"

"Umeonja wapi?"

"Lamboni. Ulitaka nikaonje msikitini?"

"Umeonja juu, Babu. Mdomo wa mpira wa pampu uko chini."

Akakinga kikombe kwenye pampu, akanipa. Nikatema hadi kwenye viatu vyangu.

"Umepima kama setilaiti," akacheka. "Nayo inaona ngozi ya bahari tu, unene wa kidole. Mvua ikinyesha, maji yake hutanda juu, setilaiti inasema chumvi imepungua. Chombo kilichozama mita chache kinasema iko palepale."

"Mwongo nani sasa?"

"Hakuna. Kila mmoja anasema alichogusa."

Hilo nikalipenda, maana lilinitoa kwenye uongo. Nikazima pampu, nikafunga mdomo wa mpira kwenye dumu tupu ili uelee, unyonye juu kwa juu.

"Fanya haraka," akasema, "upepo ukija utayakoroga maji."

Nikaiwasha tena, nikasimama kitaluni nikilamba maji yanayotoka. Jirani akapita.

"Mzee, mpira una asali?"

"Mimi setilaiti. Pita, unanizibia."

Matuta yalikuwa yamebaki mawili kumwagiliwa upepo uliposhuka kutoka mlimani. Nikalamba: chumvi. Nikazima kabla mtu hajaniamuru.

Matuta yale mawili yalikufa. Mengine yalisimama, na vitunguu vyake vilipokomaa mjukuu wangu alikuja tena, akabeba gunia zima kurudi nalo mjini. Nilimwambia akiwagawia wenzake, aseme vimepimwa na Babu.