Mtungi Uliodhaniwa Mtupu

Fundi huyu walimwita Mama Grisi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kuzaliwa. Watu wa likizo walipomaliza starehe zao ziwani na kurudi makwao kwa miezi sita, yeye ndiye aliyebaki na vyombo vyao: pikipiki za majini, na magari-nyumba, yale yenye vitanda na jiko ndani. Alivitayarisha vikae salama. Maji yakisahaulika kwenye mabomba huvunda, petroli hugeuka gundi, panya hutafuna nyaya. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mashine iliyomtisha.

Siku ya mwisho wa msimu alikuwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi. Shemeji alikuwa na mafua ya kutiririka. Asubuhi Mama Grisi alimzuga kwamba kuna nyoka kwenye ekzosi. Jamaa akaruka hadi kofia ikabaki chini, yadi nzima ikavunjika mbavu. Utani wa mashemeji hauna likizo.

Mchana, kwa kazi ya siku hiyo, wakabakiwa na gari-nyumba moja, kubwa, jeupe. "Mtungi wa gesi ni mtupu, fundi, usihangaike nao," mwenye gari alikuwa amesema akiondoka. Mama Grisi akalipokea neno hilo bila hata kuutikisa mtungi. Shemeji akaingia ndani, akafunga madirisha, akaziba matundu kwa utepe ili vumbi na panya visipite, kisha akafuta jiko na kuanza kufungua mabomba ya maji. Nje, Mama Grisi alikuwa akinyunyiza mafuta ya kuzuia kutu kwenye injini ya pikipiki ya majini.

Akakumbuka kwamba shemeji hana ndoo ya kukingia maji. Akaichukua, akafungua mlango wa gari.

Harufu ikampiga usoni. Gesi, nzito, ya kukwaruza koo. Shemeji alikuwa amelala chali, kichwa ndani ya kabati la chini ya sinki, miguu tu ikionekana. Alipofuta jiko, kitambaa kilikuwa kimezungusha kishikio kimoja cha kufungulia gesi, na pua yake iliyoziba haikumwambia lolote.

"Shemeji, toka! Gesi!"

"Leo hunipati tena," sauti ikajibu kabatini, ikicheka. "Nyoka asubuhi, gesi mchana, jioni utaniletea simba. Ngoja, hili bomba limekakamaa, nalilainisha kidogo kwa moto."

Kwaruu! Kibiriti cha gurudumu, kile cha kuwashwa kwa kidole gumba. Hakikuwaka, kilikuwa kimelowa maji ya bomba.

Mama Grisi alitaka kukimbia. Hajawahi kulificha hilo. Mwili wote uligeukia geti wenyewe. Halafu akilini mwake akamwona mke wa shemeji, jioni ile, amesimama mlangoni pa nyumba yake akiuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Kwaruu! Mara ya pili.

Akabana pumzi, akaingia, akamkamata vifundo vya miguu, akavuta kwa nguvu asizozijua. Kichwa cha shemeji kikagonga kabati, kikagonga ngazi. Kibiriti kikamponyoka nyasini.

"Umerukwa na akili wewe?"

Mama Grisi alimsukuma mbali, akazunguka nyuma, akafunga koki ya mtungi, vidole vikiteleza mara tatu. Akajaribu kuuinua. Ulikuwa mzito.

Aliporudi, shemeji alimtazama usoni na hasira ikamwisha. "Ni kweli?" akauliza polepole, kisha akakaa chini pale pale.

Walikaa getini hadi jua likapoa, mlango wa gari ukiwa wazi, upepo ukipita. Mama Grisi akamgeukia.

"Kosa ni langu, shemeji. Niliambiwa mtupu, nikaamini."

"Na mimi niliambiwa ukweli, nikacheka."

Kesho yake Mama Grisi alifika kazini akashindwa kupanda ngazi ya gari lolote. Siku mbili alishughulikia pikipiki za majini peke yake, uani. Siku ya tatu shemeji akaitoa mitungi yote magarini, mmoja mmoja, akaipanga mbali kando ya ukuta, akafungua kila dirisha, na bila utani wowote akamwambia, "Ingia, shemeji. Nimesimama hapa mlangoni."

Aliingia. Akanusa hewa ya ndani, kisha akainama chini ya sinki.