Kengele ya serveri ililia tukiwa chini ya meza

Wenzangu, leo mashine yangu ilitaka kutuuza.

Asubuhi nilitega kengele kwa serveri, ile kompyuta yenye inatunza kazi yote ya ofisi. Ikipata joto sana, ilie. Nikaweka sauti ya juu kabisa, na nikajisifu: bon, kazi nzuri.

Saa sita tukasikia masasi ya bunduki upande wa Rugerero.
Tukafunga madirisha yote, tukalala chini ya meza, kimya.
Viatu vya mutu vikapita inje, polepole.

Na ndani, bila hewa, serveri ikapata joto.
Ikaanza kulia!

"Zima iyo kitu, Mungu wangu!" Mama Odette, sekretari wetu, alininong'oneza, rozari mukononi.

Nikatambaa, nikachomoa umeme. Ikazidi! Iko na betri yake, na betri pia mi mwenyewe niliitega ilie umeme ukikatika.

Nikaifunika na koti langu, nikailalia.

Viatu vikasimama.
Sauti ya mwanaume ikasema kwa dirisha, bila haraka: "Muzime iyo kitu. Inasikika mbali."
Akaenda.

Betri ikaisha, ikanyamaza.

Niambieni, nyinyi mungerudi kesho ofisini?
Sisi hatujui alikuwa nani. Yeye anajua tuko wapi.